Kivinjari Kilichotekwa: Mwongozo kwa Mwenye Steshenari wa Mombo

Kama una steshenari Mombo, iwe karibu na wanaposhuka abiria wa mabasi ya Arusha na Dar es Salaam au jirani na njia panda ya kupandia Soni na Lushoto, kompyuta yako inahudumia watu wengi kuliko unavyodhani. Asubuhi inachapa barua ya mtendaji wa kijiji, mchana inaskani cheti cha kuzaliwa cha kijana aliyeteremka kutoka milimani, jioni inafungua matokeo ya NECTA huku ndugu wa mtahiniwa wamejazana nyuma ya kiti. Dirisha la maombi ya mikopo ya HESLB likifunguliwa, mashine hiyo hiyo inapokea namba za NIDA, picha za wadhamini, saini za wazazi na nywila za vijana ambao wengine ndiyo kwanza wanafungua akaunti ya barua pepe. Kivinjari cha kompyuta ya namna hiyo kikitekwa, hasara haiishii kwa mwenye duka. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako unayekaa mbele ya kioo hicho kutwa nzima, ingawa mwenye laptopu yake nyumbani naye atapata cha kuchukua.

Nazungumzia aina mbili za programu, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza ni programu za matangazo, ambazo hukaa ndani ya kompyuta na kazi yake ni kukurushia matangazo hata pale ambapo tovuti uliyofungua haina tangazo lolote. Ya pili ni watekaji wa kivinjari. Hawa hubadilisha ukurasa wa mwanzo na injini ya kutafutia bila kukuuliza. Unaandika "matokeo kidato cha nne" kwenye Chrome, ukurasa unaruka mara mbili tatu, kisha unajikuta kwenye injini usiyowahi kuisikia, na majibu yote ya juu ni matangazo. Unairudisha Google, kesho asubuhi imebadilika tena. Kompyuta imekuwa nzito, bando la wiki limeisha siku ya tatu, na mteja anakuuliza kwa nini mashine yako inafungua picha za aibu mbele ya mtoto wake.

Kwa nini mtu ahangaike na kivinjari cha duka dogo? Kwa sababu kila utafutaji unaopitia kwake, na kila tangazo linalobofywa, humwingizia senti. Ni kazi ya mpiga debe asiye mwaminifu: wewe unataka gari la Lushoto, yeye keshashika begi lako na anakuvuta kwenye gari linalompa kamisheni. Senti hizo zikikusanywa kutoka kompyuta nyingi zinakuwa fedha nzito. Juni 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza habari za programu iliyoitwa Fireball, iliyosambazwa na kampuni ya masoko ya kidijitali ya Rafotech ya Beijing, na ikakadiria kuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani. Microsoft ilisema makadirio hayo yametiwa chumvi. Lakini lililotisha zaidi halikuwa idadi. Fireball iliteka kivinjari ili ipate fedha za matangazo, na papo hapo ilikuwa na uwezo wa kupakua na kuendesha programu nyingine yoyote ndani ya kompyuta iliyoingia. Leo inakuonyesha tangazo, kesho mwenye nayo akitaka, inasoma nywila. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kwamba haya ni kero tu na wala si virusi.

Wala usidhani kompyuta mpya kutoka kwenye boksi ni safi. Kati ya mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 Lenovo iliuza laptopu zilizokuja na programu iitwayo Superfish, iliyopachika matangazo ndani ya kurasa za watu. Ili ifanye hivyo hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, ilijiwekea cheti chake chenyewe ndani ya Windows, na hivyo ikamfungulia njia mwizi yeyote mwenye ujuzi kujifanya benki mbele ya mnunuzi. Mamlaka za Marekani zilifikia makubaliano na kampuni hiyo mwaka 2017. Ukinunua mashine, mpya au ya mtumba, saa ya kwanza itumie kupitia orodha ya programu zilizomo na kuondoa usizozihitaji.

Mlango unaoufungua mwenyewe

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni hili: sehemu kubwa ya programu hizi haivunji mlango. Tunazikaribisha kwa kidole chetu, tukiwa na haraka, mteja anasubiri na foleni ni ndefu. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza si programu ya kununua. Ni kujua mahali ambapo kidole chako hukosea, na kwa kazi ya steshenari mahali hapo panajulikana.

Pa kwanza ni kubadili mafaili. Mteja ameleta PDF, anataka Word. Au tovuti ya maombi imekataa picha kwa kuwa ni kubwa mno. Unaandika kwenye Google "pdf to word free", unabofya jibu la kwanza, ambalo ni tangazo, unapakua kigeuzi cha bure. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu vigeuzi vya namna hiyo: kazi unayoiomba vinaifanya kweli, PDF inageuka Word, na ndani ya faili unalorudishiwa au programu uliyoipakua kumefichwa kitu kingine. Ubaya wake ni kwamba hutashuku chochote, maana mteja ameondoka ameridhika.

Na mara nyingi kigeuzi chenyewe hukihitaji. Word ya kuanzia toleo la 2013 hufungua PDF moja kwa moja: fungua Word, kisha ulifungue faili hilo ndani yake, nayo itakuuliza kama iligeuze. Kutoka Word kwenda PDF, hifadhi faili kwa kuchagua aina ya PDF. Kitu kingine chochote unachoweza kukichapa, hata ukurasa wa tovuti, unaweza kukigeuza PDF kwa kuchagua printa iitwayo Microsoft Print to PDF, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11. Picha ya pasipoti iliyo kubwa mno, ifungue kwenye Paint, bofya Resize, punguza asilimia, hifadhi kama JPEG. Word ya kulipia ikikushinda bei, LibreOffice ni ya bure kabisa, inatoka libreoffice.org, na inafanya kazi nyingi za steshenari.

Pa pili ni madereva ya printa. Umenunua Epson au Canon ya mtumba, diski yake haipo, unatafuta dereva kwenye Google. Kurasa za mwanzo mara nyingi si za kiwanda. Ni tovuti za watu wa kati zenye vitufe vitatu vya kijani vilivyoandikwa Download, na kitufe cha kweli ni kile kidogo kilichojificha chini. Kabla ya kutafuta popote, chomeka printa huku kompyuta ikiwa na intaneti, uipe Windows dakika chache. Printa nyingi zinatambulika zenyewe. Ikishindikana, andika mwenyewe anwani ya kiwanda, epson.com au canon.com, uingie sehemu ya msaada na kuandika namba ya modeli.

Pa tatu hapapendezi kupataja, lakini nisipopataja mwongozo huu utakuwa nusu. Ni Windows na Office za kukraki. Fundi anakuja na flashi yake, anasakinisha Windows, anaendesha kifaa cha kuiaktiveti, na hatua ya kwanza ya kifaa hicho ni kukwambia uzime antivirusi. Fikiria unachokubali hapo: unamzima mlinzi ili mtu usiyemjua apite, tena kwa mamlaka yote ya kompyuta. Baadhi ya vifaa hivyo huishia kuaktiveti tu. Vingi vimebeba mizigo mingine, na wewe huna namna ya kuvitofautisha. Naelewa bei ya leseni kwa duka linaloishi kwa shilingi mia mia za kurasa. Lakini Windows isiyoaktivetiwa inaendelea kufanya kazi. Inakuwekea maandishi pembeni ya kioo na kukunyima kubadilisha mapambo. Bora maandishi hayo kuliko mgeni ndani ya mashine inayoshika vyeti vya watu.

Kuna pia vifurushi vya usakinishaji vyenye abiria wa siri. Kwa miaka mingi hata Java ya Oracle ilikuja na upau wa kutafutia wa Ask, uliosakinishwa kwa kila aliyesahau kuondoa alama ya vema kwenye kisanduku. Mbinu haijabadilika. Kila unaposakinisha kitu, chagua njia iliyoandikwa Custom au Advanced, soma kila ukurasa, ondoa alama kwenye visanduku vya vitu usivyoviomba. Ukiona kitufe cha Decline, hicho ndicho chako.

Mlango wa mwisho ndio unaowanasa wengi siku hizi, na hausakinishi chochote. Kijana ametafuta tovuti ya kuonyesha mechi ya Simba na Yanga bure, au filamu iliyotafsiriwa. Ukurasa unafunguka na kisanduku: bofya Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Akibofya, ameiruhusu tovuti hiyo kutuma arifa kwenye kompyuta yako wakati wowote, hata ukurasa ukiwa umefungwa. Kuanzia hapo, pembeni chini ya kioo yataanza kutokea maonyo mekundu: kompyuta yako ina virusi vitano, leseni ya antivirusi imeisha, bofya hapa. Hakuna virusi. Ni arifa za tovuti. Ukiangalia vizuri utaona jina la Chrome na anwani ya tovuti iliyotuma. Hakuna tovuti inayohitaji arifa ili ijue kuwa wewe ni binadamu. Jibu ni Block, kila mara.

Ukikuta kivinjari kimeshatekwa

Anza na kilicho rahisi, maana mara nyingi huko ndiko tatizo liliko. Nitakupa anwani za kuandika kwenye upau wa juu wa Chrome, kwa sababu zinafanya kazi iwe kivinjari chako kiko kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

Andika chrome://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Ondoa zote usizozitambua. Kwa kompyuta ya steshenari ningeondoa zote kabisa, kisha kwenye ukurasa huo huo ningechagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Hatua hii peke yake huponya kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wameshaamua kuzipeleka kwa fundi.

Kisha andika chrome://extensions. Hivi ni viendelezi, programu ndogo zinazoishi ndani ya kivinjari. Kiendelezi kilichoruhusiwa kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuona kila unachoandika humo, nywila ikiwemo. Usikubali kuwa nacho kama hujui kinafanya nini. Na usikiamini milele kwa sababu ulikiweka mwenyewe: The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kilichopendwa na watu wengi, kikauzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kubeba programu hasidi. Waliokuwa nacho hawakufanya kosa lolote siku walipokisakinisha.

Kama kiendelezi hakikupi nafasi ya kukiondoa, na Chrome inasema inasimamiwa na shirika wakati wewe huna shirika, andika chrome://policy. Ukikuta humo masharti ambayo hakuna aliyeyaweka, na hujasakinisha antivirusi ya kulipia inayoweza kuwa imeyaweka, basi mtekaji amejichimbia ndani ya Windows. Hapo usipoteze muda kuhangaika na kivinjari. Shughulika na Windows yenyewe.

Fungua Settings ya Windows, sehemu ya Apps, panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Tatizo lilianza lini? Angalia kilichoingia siku hiyo na siku mbili tatu kabla yake, uondoe. Baadaye bofya kwa kulia ikoni ya Chrome iliyo kwenye kioo, ingia Properties, tazama mstari wa Target. Ukiona anwani ya tovuti imening'inia baada ya chrome.exe, basi kila unapofungua Chrome unaipeleka mwenyewe kwa mtekaji. Futa ikoni hiyo, tengeneza nyingine. Angalia pia sehemu ya Proxy kwenye mipangilio ya mtandao: kwa duka la kawaida panatakiwa pawe pamezimwa.

Halafu changanua. Windows Security, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, ina uchanganuzi kamili, na ina ule wa nje ya mtandao ambao huwasha upya kompyuta na kuikagua kabla programu nyingine hazijaamka. Tumia huo wa pili kwa kinachorudi rudi. Ongeza AdwCleaner, ya bure, iliyotengenezwa mahsusi kwa programu za matangazo na watekaji. Tangu 2016 iko mikononi mwa Malwarebytes, na mahali pa kuipakua ni malwarebytes.com tu. Nasisitiza "tu", kwa sababu ukiitafuta kwa kivinjari ambacho bado kimetekwa, mtekaji mwenyewe ndiye atakayekuchagulia majibu. Ipakue kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, uilete kwa flashi.

Mwisho, andika chrome://settings/reset na urudishe mipangilio ya awali. Alamisho na nywila zilizohifadhiwa hazitafutika. Viendelezi vitazimwa, na tovuti ulizokuwa umeingia zitakutaka uingie upya.

Umefanya yote hayo, na baada ya siku moja kiendelezi kile kile kimerudi? Angalia kama kuna mtu ameingia kwenye Chrome kwa akaunti yake ya Google. Chrome hulinganisha viendelezi na mipangilio kati ya kompyuta zote zenye akaunti hiyo. Mfanyakazi wako akiwa na kiendelezi kibovu kwenye laptopu ya nyumbani, kinakuja kazini kwa njia ya akaunti, na unaweza kusafisha hadi uchoke. Zima ulinganishaji huo, kiondoe kiendelezi hicho kwenye mashine zote, ndipo uuwashe, kama kuna haja hata ya kuuwasha. Na kama simu zilizounganishwa kwenye Wi-Fi ya duka nazo zinarushiwa matangazo yale yale, kagua ruta: badilisha nywila iliyokuja nayo kiwandani, rudisha mipangilio yake ya awali.

Ikishindikana kabisa, hifadhi mafaili ya kazi, sakinisha Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft. Si kutoka kwenye flashi ile ya fundi.

Kuwazuia watekaji wasirudi

Tengeneza akaunti mbili ndani ya Windows. Moja ni ya msimamizi, nywila yake unaijua wewe. Nyingine ni ya kawaida, na ndiyo itumike kutwa nzima, na wewe mwenyewe na mfanyakazi wako. Programu nyingi zikitaka kujisakinisha kwa kina zitalazimika kuomba nywila ya msimamizi, na ombi hilo litakufanya usimame na kujiuliza. Kwa duka lenye mikono mingi sijui ulinzi mwingine wa bure unaozidi huu.

Ndani ya Windows Security, fungua App & browser control, kisha mipangilio ya Reputation-based protection, uhakikishe kuzuia programu zisizotakiwa kumewashwa, kwa programu na kwa mafaili yanayopakuliwa. Antivirusi nyingi huziacha programu za matangazo zipite kwa kuwa kisheria si virusi. Swichi hiyo inaiambia Windows isiziache.

Weka kizuia matangazo. Kwenye Firefox, uBlock Origin cha Raymond Hill bado kinafanya kazi kikamilifu. Chrome imeacha kukikubali, kwa hiyo huko tumia uBlock Origin Lite cha mtu huyo huyo. Soma jina la mtengenezaji, maana wapo waigaji. Kizuia matangazo kinaondoa vitufe vya uongo vya Download na kinaokoa bando, kwa kuwa picha na video za matangazo hazipakuliwi tena.

Tukiwa kwenye bando: wengi wetu tumezima masasisho ili tusimalize data. Naelewa, lakini kivinjari kisichosasishwa ni kompyuta iliyo wazi. Nunua kifurushi cha usiku mara moja kwa wiki, fungua chrome://settings/help, iache Chrome ijisasishe, na Windows vivyo hivyo. Kama bado una Windows 7, Chrome ya mwisho kuikubali ilikuwa toleo la 109, la mapema 2023. Hakuna sasisho jingine linalokuja. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya zamani isiyoweza kubeba Windows 11 bado inaweza kuhudumu kwa Linux Mint, ambayo ni ya bure na inakuja na Firefox na LibreOffice. Jaribu kwanza kama printa yako inakubali.

Flashi za wateja zichanganue kabla ya kuzifungua. Folda ikigeuka njia ya mkato, usiibofye.

Anwani ubaoni

Usitafute tovuti ya serikali kwenye Google. Iandike. Hapo ndipo mtekaji anapofanya madhara makubwa, kwa sababu kijana anayetafuta HESLB anaweza kupelekwa kwenye ukurasa unaofanana na wa Bodi ya Mikopo, akajaza namba yake ya NIDA, akalipa ada kwa mtu asiyemjua. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Fungua hizi moja moja na uziweke kwenye alamisho za Chrome: heslb.go.tz, necta.go.tz, rita.go.tz kwa uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa, tcu.go.tz, portal.ajira.go.tz, selform.tamisemi.go.tz, ors.brela.go.tz. Soma mwisho wa jina la tovuti, yaani herufi zilizo kabla tu ya mkwaju wa kwanza baada ya https://, kwa maana heslb.go.tz.kitufulani.com si ya serikali hata kidogo. WhatsApp ya kupokelea mafaili ya kuchapa nayo ni web.whatsapp.com, iandike hivyo hivyo.

Kipimo kingine: malipo ya serikali hupitia kontrol namba. Ukurasa unaokutaka utume ada kwenye namba ya simu ya mtu, ufunge, na namba hiyo itume kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa ajili ya kuripoti matapeli.

Mteja anapotaka kuingia kwenye akaunti yake, usimwachie dirisha la kawaida. Bofya picha ya wasifu juu ya Chrome, chagua dirisha la mgeni. Humo viendelezi havifanyi kazi, na likifungwa, nywila na historia vinaondoka nalo. Mwambie wazi: "Mdogo wangu, usiandike nywila yako hapo kwanza, ngoja nikufungulie dirisha la mgeni." Wengi hawajui kwamba hilo lipo, na wakilijua watalidai hata wakienda duka lingine. Kijana akimaliza, afunge mwenyewe.

Na yale mafaili yaliyobaki kwenye folda ya Downloads: vyeti, vitambulisho, picha za wadhamini wa mwaka juzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Mtekaji akiingia kwenye kompyuta isiyo na mafaili ya wateja, anaondoka na kidogo. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga duka, futa mafaili ya wateja, na tupa pia vilivyomo kwenye Recycle Bin.

Kama utafanya mambo mawili tu wiki hii, ondoa ruhusa za arifa leo, na kesho tengeneza ile akaunti ya kawaida ya Windows. Yote mawili hayana gharama, na yanamalizika kabla basi la kwanza la Dar halijafika.